SOMO LA MWEZI: MWAROBAINI UANI NA MWAROBAINI MSITUNI

Soma kwanza: Mwanzo 2:15



Nani hapa Kanga asiyeujua mwarobaini? Tumechemsha majani yake kwa homa, tumeyaogea tulipowashwa mwili, na mikutano mingi tumeikalia chini ya kivuli chake. Hata jina lake ni sifa, kwani wazee walisema ni dawa ya maradhi 40. Katika somo hili hatuusemi vibaya mti huu. Twataka kujua tabia yake, maana mti ulio mwema uani waweza kuwa mharibifu msituni.

Asili yake
Mwarobaini si mwenyeji wa pwani hii. Kwao ni Bara Hindi na nchi jirani za huko. Ulipendwa kwa sababu huvumilia ukame, hukua upesi, wala hauchagui sana udongo. Lakini kwa sababu hizo hizo huvuka mipaka. Katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 kaskazini ya Bagamoyo, mwarobaini umeingia porini na kuenea. Huko Ghana nako umetapakaa katika nyanda za Accra. Wataalamu huita mimea ya namna hii mimea vamizi.

Jinsi unavyoenea
Tunda lake likiiva huwa la manjano. Ndege na popo hula nyama yake na kuangusha kokwa mbali na mti mama. Tusiwachukie kwa hilo, kwani wao pia hutupandia miti ya asili. Kokwa ikiangukia shamba lililoachwa, ukingo wa msitu, au mahali palipokatwa kuni, huota. Miche ikisongamana, miche ya miti ya asili hukosa nafasi na mwanga.

Nguvu yake na udhaifu wake
Wengi hudhani dawa ni panga. Sivyo. Ukiukata, kisiki huchipua, na mizizi iliyojeruhiwa nayo huchipua. Ulikuwa na mti mmoja, sasa una kichaka.

Udhaifu wake uko kwenye kokwa. Kokwa za mwarobaini hazidumu. Nyingi hufa baada ya wiki chache au miezi michache. Basi ardhi haiwekei mti huu akiba ya mbegu kwa miaka mingi, kama ifanyavyo kwa magugu mengine. Tukizuia matunda ya msimu, tumezuia miche yake.

Yatupasayo kufanya
1. Miche iliyoota mahali pasipotakiwa ing'olewe kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini, pamoja na mzizi wake wote.
2. Mti wa uani ubaki, ila matunda yake yaokotwe. Kausha kokwa na uzitwange, loweka gramu 50 katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja, kisha nyunyizia mboga zinazoliwa na wadudu. Maji hayo si ya kunywa, na mafuta ya kokwa ni hatari kwa watoto wadogo.
3. Mti ulio karibu na msitu ukikatwa, aliyeukata arudi mara kwa mara kuondoa machipukizi mpaka kisiki kife. Mahali pake papandwe mti wa asili. Ndani ya msitu tusikate kitu bila ruhusa ya wenye dhamana.
4. Tusipande mwarobaini mpya kandokando ya misitu yetu, kama ule wa Mlola.

Neno la mwisho
Katika Mwanzo tunasoma kwamba mtu alipewa kazi mbili bustanini: kuilima na kuitunza. Sisi tuliofundisha shule twakiri kwamba ya kwanza tuliifanya kwa bidii. Tuliwapandisha watoto miche ya mwarobaini pembeni mwa shamba la shule, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Hatukurudi kutazama ni nini kimeota upande wa pili wa mpaka. Kupanda ni kulima. Kurudi kutazama ni kutunza. Watoto wale sasa ni wazazi. Tuwafundishe wana wao kazi zote mbili.

Maswali ya kujadiliana
1. Je, mwarobaini wa nyumbani kwako umezaa miche mingapi nje ya ua?
2. Ni miti gani ya asili uliyoiona utotoni ambayo leo ni nadra?
3. Tutashirikianaje na jirani zetu Waislamu katika kazi hii, maana msitu ni wetu sote?