Somo: Mlima wa Theluji Una Njia ya Kila Mtu



Wengi wetu tunaijua theluji kwa kuiona kwa mbali, juu ya Kilimanjaro au Mlima Kenya. Lakini ziko nchi ambako watu huiendea pamoja na watoto wao wakati wa mapumziko. Huvaa viatu vigumu, wakafunga kila kiatu kwenye ubao mrefu mwembamba, wakateremka mlima kwa kuteleza. Mchezo huu unaitwa skii. Leo tujifunze jinsi familia yenye wajuzi na wasiojua inavyoweza kucheza katika mlima mmoja na kurudi nyumbani salama.

Theluji ya Lesotho

Si lazima kwenda Ulaya kuuona mchezo huu. Lesotho ni nchi ya Afrika iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Nchi nzima iko juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Katika milima yake ya Maluti kuna kituo cha skii kiitwacho Afriski, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000. Baridi kali huko huja Juni mpaka Agosti. Theluji inayoanguka yenyewe haitoshi. Kwa hiyo mashine hurusha maji hewani kwa matone madogo sana, nayo huganda yakaanguka kama theluji.

Soma kibao kwanza

Kituo cha familia hakiwi na mteremko mmoja tu. Huko Afriski upo mteremko mfupi wa wanaoanza, na upo mkubwa wa karibu kilomita moja. Katika vituo vikubwa vya ng'ambo njia ni nyingi, na kila njia ina kibao chake.

Marekani, duara la kijani ni njia rahisi. Mraba wa buluu ni njia ya wastani. Almasi nyeusi ni njia ngumu. Sasa angalia vizuri! Austria, buluu ndiyo njia rahisi, nyekundu ni ya wastani, na nyeusi ni ngumu. Rangi moja, maana mbili. Aliyezoea buluu ya Austria akienda buluu ya Marekani bila kusoma, anaweza kujikuta mahali palipomzidi. Basi kabla ya kupanda, soma ramani ya kituo na maelezo ya rangi zake.

Aibu ni hatari

Anayeanza hufundishwa kwanza kupunguza mwendo. Huleta ncha za mbele za mbao karibu karibu, na kutanua visigino. Somo hili hufanyiwa kwenye mteremko mdogo, mara nyingi pamoja na watoto. Mtu mzima mwingine huona haya. Ati atachekwa! Anakwenda zake juu na wajuzi, kisha anashindwa kushuka, au anavunjika mguu, au anamgonga mtoto wa mwenzake.

Sisi watu wa kisomo tunaijua haya hiyo. Wako kati yetu walioshika kalamu mara ya kwanza wakiwa na wajukuu. Wangeona aibu ya kuanza na a, e, i, o, u, leo wasingesoma gazeti hili. Mlimani ni vivyo hivyo: anza pale ulipo.

Kanuni tatu za kukumbuka

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lina kanuni 10. Tuchukue tatu:

1. Aliye mbele yako ana haki ya njia. Wewe unayetoka nyuma ndiwe umwepuke.
2. Mwendo wako ulingane na ujuzi wako, hali ya theluji na wingi wa watu.
3. Usisimame mahali pembamba wala pasipoonekana kutoka juu. Ukianguka hapo, ondoka upesi.

Tena vaeni nguo nzito na miwani ya jua. Theluji hurudisha mwanga wa jua, nao huumiza macho hata siku ya baridi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Msimu wa skii Lesotho ni miezi gani?
2. Rangi ya buluu ina maana gani Marekani? Na Austria je?
3. Kwa nini anayetoka nyuma ndiye anayepaswa kuepuka?
4. Taja kazi moja kijijini kwenu ambayo aibu ya kujifunza huleta ajali. Mfanyeje?