HASIRA YA MTOTO: ANAJIFUNZAJE KUITULIZA?



Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kutuliza hasira au hofu yake. Hujifunza polepole, kwanza kutoka kwako. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayomsaidia mtu kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi.

Chini ya mwaka 1: Akilia, mbebe na umwimbie. Humdekezi. Mwili wake unajifunza utulivu kutoka kwenye mwili wako.

Miaka 2 hadi 5: Hujitupa chini na kupiga kelele kwa kuwa maneno yake bado machache. Mpe maneno: "Umekasirika kwa sababu mwenzako amechukua mpira." Ukimpiga, anajifunza kwamba mwenye hasira hupiga.

Miaka 6 hadi 12: Sasa anaweza kungoja zamu na kueleza kilichomuudhi. Mfundishe kuvuta pumzi taratibu au kuondoka penye ugomvi.

Miaka 13 hadi 19: Hisia ni kali, lakini uwezo wa kujizuia bado haujakomaa. Marafiki wakimtazama, neno dogo kwenye foleni ya maji laweza kuwa mapigano. Usimwaibishe mbele ya watu. Ngoja atulie, ndipo mzungumze.

Miaka 20 na zaidi: Kijana bado anajifunza. Mpe kazi na jukumu, na umsikilize.

Watoto wetu wa Mangateen

Wengi waliguswa na vita vilivyoanza Juba Desemba 2013, au mapigano ya Julai 2016. Wengine wamelelewa na watu wazima wenye majonzi. Ubongo wa mtoto aliyeishi na hatari huzoea kuitazamia: hushtuka upesi, hukasirika upesi. Hiyo si laana wala ukaidi, na hujachelewa kumsaidia. Ratiba ya kila siku, shule, michezo, na mtu mzima mmoja anayemwamini humsaidia sana.

Nawe ukikasirika, tulia kwanza. Ukikosea, mwombe msamaha. Hilo nalo ni somo.

Mpeleke kituo cha afya ikiwa:
- anaota ndoto za kutisha kila mara, au ameanza tena kukojoa kitandani;
- amejitenga, hali wala hasemi;
- anatumia pombe au dawa za kulevya;
- anajiumiza au anasema anataka kufa. Usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Kumbuka: Mtoto hutulizwa kwanza, ndipo ajue kujituliza.