SOMO LA MVUVI: MSHIPI WA KUSUKA NA MATUMIZI YAKE

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mvuvi wa mshipi, huku pwani au katika Ziwa Victoria au Ziwa Turkana, bila shaka umekwisha kuuona ule mshipi uliosukwa kwa nyuzi nyembamba, laini kama hariri, unaouzwa kwa bei iliyo juu kuliko ya nailoni. Wengine wanausifu kupita kiasi, na wengine wameutupa. Mwezi huu tutajifunza kwa nini watu wawili walionunua mshipi ule ule huweza kurudi na habari mbili mbalimbali.

Nitaanza na jirani yangu, mvuvi wa changu na tewa upande wa Kilifi. Mzee huyu alivua kwa nailoni zaidi ya miaka 30. Akauza samaki wa safari tatu, akanunua mshipi wa kusuka wa ratili 80. Usiku wa kwanza tewa mkubwa akameza chambo. Mzee, kwa desturi yake, alikuwa ameuzungusha mshipi mara moja kiganjani. Samaki akakimbilia pangoni mwake, na mshipi ukaingia katika kidole cha shahada kama kisu katika papai, mpaka mfupa ukaonekana. Halafu ukagusa jiwe, ukakatika. Mzee alikaa nyumbani majuma matatu bila kuvua, na karo ya mwanawe ikangoja. Alipokuja kunisalimu alisema, “Mwanangu, ule si mshipi, ni wembe.”

Mimi nasema mshipi ule haukuwa na ila. Mzee aliutumia kana kwamba ni nailoni, na hiyo ndiyo asili ya matata yote.

Yafaa kwanza ujue umetengenezwa kwa kitu gani. Zamani mishipi ilikuwa ya pamba au kitani, na ilibidi kuianika kila siku isioze. Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935 huko Marekani na Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont, nayo ikaondoa taabu hiyo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa kampuni ya DSM ya Uholanzi wakagundua njia ya kuvuta nyuzi zenye nguvu ajabu kutoka katika plastiki iitwayo polithini. Ndiyo, ni ya jamaa moja na mfuko wa plastiki, ila imetengenezwa kwa namna nyingine. Tangu miaka ya 1990 nyuzi hizo, mara nyingi 4 au 8, husukwa pamoja kuwa mshipi wa kuvulia.

Sasa fanya jaribio hili nyumbani. Pigilia msumari imara mtini, ufunge nailoni ya urefu wa hatua 10. Zungusha ncha ya pili katika kijiti, wala si mkononi, uvute taratibu. Utaona inarefuka na kurudi kama mpira. Fanya vivyo hivyo kwa mshipi wa kusuka. Huo hautaki kurefuka. Nailoni huweza kuongezeka sehemu 20 katika 100, pengine na zaidi, kabla ya kukatika, lakini mshipi wa kusuka huongezeka sehemu 3 au 4 tu.

Faida na hasara nyingi zimo katika jaribio hilo. Katika maji ya pima 30, samaki akigusa chambo kwenye nailoni ndefu, ni kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto. Kwenye mshipi wa kusuka ni kama anagonga mlango wako. Utajua kama ni changu anayeonja au ni chubwi inayogonga mwamba. Tena ni mwembamba: mshipi wa kusuka wa ratili 50 huwa na unene kama wa nailoni ya ratili 12, kwa hiyo mkondo wa maji hauushiki sana na chubwi ndogo yatosha. Wala haunywi maji. Nailoni hunywa maji kidogo ikapungukiwa nguvu.

Lakini kule kurefuka kwa nailoni kulikuwa kunakusaidia bila wewe kujua. Samaki alipostuka, nailoni ilipokea kishindo kabla ya mkono wako na kabla ya mdomo wa samaki. Mshipi wa kusuka haupokei kitu. Kishindo chote huja kwenye kidole, au kwenye fundo, au ndoana hupasua mdomo wa samaki akaenda zake. Basi usiuzungushe mkononi kamwe, hata mara moja. Vaa vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli vidoleni, na samaki akivuta kwa nguvu, mwachie mshipi upite. Ndoana ikinasa mwambani usivute kwa mikono. Zungusha mshipi katika kipande cha mti mnene, na chombo kiuvute.

Jambo la pili ni jiwe. Mshipi huu una nguvu sana kwa kuvutwa na ni dhaifu kwa kusuguliwa, hasa ukiwa umekazika. Makali ya matumbawe huukata upesi kuliko nailoni nene. Kwa hiyo usifunge ndoana moja kwa moja. Mbele weka nailoni nene ya pima 1 au 2, ndiyo isuguane na mwamba. Kwa wasomaji wetu wa Nyanza, mbuta naye ana mdomo uliokwaruza kama msasa, na kifuniko cha matamvua chake kina ncha kali. Nailoni hiyo ni ya lazima kwenu pia. Kwa nguru ni waya tu, maana meno yake hayajali nailoni wala kusuka. Ili kuunganisha, tumia kijipete cha chuma kinachozunguka: mshipi upande huu, nailoni upande ule.

Fundo ndilo linalowashinda wengi. Mshipi huu huteleza, na fundo la nailoni ulilofundishwa na baba yako huenda likajifungua lenyewe chini ya maji, nawe ukadhani samaki amekata. Jifunze hili. Kunja ncha upate mshipi wa mara mbili, urefu wa shibiri moja. Pitisha tanzi hilo katika tundu la kijipete kabla hujafunga nailoni upande wa pili. Kwa mshipi ule wa mara mbili funga fundo la kawaida bila kulikaza, kijipete kikining'inia chini. Panua tanzi, upitishe kijipete kizima ndani yake. Lowesha kwa mate, kisha kaza polepole, na ubakize ncha ya upana wa ukucha. Wavuvi wa Marekani huliita Palomar. Mate si uchawi: polithini hii huyeyuka kwenye joto la digrii 145 hivi, na msuguano wa fundo kavu huiunguza. Nailoni hustahimili zaidi ya digrii 200.

Ninyi vijana mnaotumia fimbo na gurudumu, zungusheni kwanza nailoni kidogo kwenye gurudumu, ama sivyo mshipi wa kusuka utateleza wote mzima mkidhani breki imeharibika. Breki nayo ilegezwe kuliko mlivyozoea.

Kuhusu kununua, karatasi ya dukani husema itakalo. Mshipi ukiandikwa ratili 60, funga ndoo yenye lita 20 za maji, ambayo ni ratili 44 bila kuhesabu ndoo, uinyanyue polepole kwa kijiti. Ukikatika, mrudishie mwenye duka. Tena loweka kipande katika maji yenye sabuni, ukikamue hewa itoke. Polithini huelea. Kikizama, umeuziwa kitu kingine.

Rangi ikipauka usiogope, hiyo ni rangi tu. Lakini ukiona nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka aliyekasirika, kata sehemu hiyo yote. Baada ya miezi kadhaa ugeuze mshipi, ncha ya mbele iwe ya nyuma, nawe utapata kama mshipi mpya, kwa kuwa pima nyingi za nyuma hazijapata kuguswa na maji. Vipande vilivyokatwa urudi navyo pwani, kwa maana haviozi, na kasa huvinasa shingoni.

Jirani yangu kidole chake kimepona, ingawa hakikunjiki vizuri. Pima 60 zilizosalia hakuzitupa. Amezifunga nailoni ya pima 2 mbele, amevaa mpira vidoleni, na Jumamosi iliyopita aliniletea changu wawili niwaonje.