Dondoo muhimu: Kuondoa jina la mtalaka kwenye hati ya nyumba

Talaka peke yake haifuti jina kwenye hati. Ukiwa Osukuru, Uganda, fanya hivi:

• Subiri amri ya mwisho ya talaka. Ile ya muda haivunji ndoa.
• Omba mahakama iamue pia nyumba ni ya nani.
• Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, Tororo. Kukiwa na rehani, ongea na benki kwanza.
• Mkielewana, mtalaka wako atie saini fomu ya uhamisho. Akikataa, peleka amri ya mahakama kwa msajili.
• Nyumba iko ng'ambo, Busia ya Kenya? Huko hutumika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013.
• Usimkabidhi dalali hati halisi.
• Hati mpya ikitoka, hakiki kila jina.