Runinga na Siasa: Nani Ameshika Kitufe?



Wahenga walinena, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika mambo ya runinga, kisu ni kile kitufe cha kuwasha na kuzima mitambo. Makala haya yanaonyesha jinsi vipindi vilivyogeuka kila siasa na maisha ya Wakenya yalipogeuka.

1. Enzi ya sauti moja

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya (VoK). Jina la KBC lilirudi mwaka 1989, lakini mwenye nyumba alikuwa ni yule yule.

Wazee wetu hapa Kambi Muru wanakumbuka Great Wall ya betri ya gari: moja kwa ploti nzima, watoto wamejaa sakafuni. Taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais: leo alikuwa wapi, amelakiwa na akina nani. Halafu ndio watu wangoje Vitimbi au Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang' na Mama Kayai walichekesha watu kwa ujanja na ugomvi wa nyumbani. Mwananchi alijiona, akasikia Kiswahili chenye lafudhi kama yake. Lakini Rais hakuchekwa.

2. Enzi ya vyama vingi

KTN ilianza mwaka 1990, ikawa stesheni ya kwanza isiyo ya serikali. Ajabu ni kwamba chama tawala, KANU, kilikuwa na mkono katika kampuni iliyoianzisha! Basi mlango ulifunguliwa, lakini nusu.

Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kilifutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Hofu ikapungua pole pole, stesheni zikaongezeka. Kabla Rais Moi hajaondoka Ikulu mwaka 2002, vijana wa Redykyulass walikuwa wakiiga sauti na mwendo wake mbele ya kamera. Miaka ya 1980, nani angethubutu?

Hapo akaingia bwana mwingine: matangazo ya biashara. Stesheni ziligundua kwamba Mkenya anapenda kujitazama. Kuanzia mwaka 2007 Papa Shirandula, bawabu wa kuchekesha, alivuta watu wengi Citizen.

3. Kitufe kingali kipo

Usidhani safari imeisha. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku habari za moja kwa moja. Kibera ilikuwa inawaka, na palipokosekana habari uvumi ulijaza nafasi. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe, lakini giza liliendelea kwa siku kadhaa. Haya yalitokea ilhali Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari.

4. Na mtaa wetu je?

Kamera zikija Kibera, mara nyingi zimefuata moshi: wa nyumba au wa vitoa machozi. Arusi, madrasa, mechi ya jioni, hizo si habari. Ndiyo maana mwaka 2010 vijana wa hapa walianzisha Kibera News Network, wakapiga picha za mtaa wao na kuziweka kwenye intaneti. Hawakungoja kitufe cha mtu.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, ukitazama runinga leo jioni usiulize tu "kunaonyeshwa nini?" Uliza pia: nani amelipa, nani anaogopwa, na nani hayumo kwenye picha.

Maswali ya kujadiliana

(a) Kwa nini vichekesho vya nyumbani viliruhusiwa wakati siasa haikuruhusiwa?
(b) Mwenye matangazo ya biashara ana tofauti gani na serikali?
(c) Ungepewa nusu saa ya runinga kuonyesha Kambi Muru, ungeanza na nyumba gani?