Oksijeni na Macho ya Mtoto Njiti

Mtoto njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito. Mapafu yake hayajakomaa, hivyo mara nyingi huhitaji oksijeni ya ziada ili aishi. Hata hivyo, oksijeni ikizidi huweza kuharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ugonjwa huu huitwa retinopathi ya watoto njiti.

1. Jinsi ugonjwa unavyotokea
(a) Mishipa ya damu ya retina huanza kukua takribani wiki ya 16 ya ujauzito na hukamilika karibu na wiki ya 40.
(b) Oksijeni ikizidi katika damu, kemikali inayochochea ukuaji wa mishipa hupungua. Mishipa husimama kukua.
(c) Baada ya wiki kadhaa, retina inayokua hukosa oksijeni ya kutosha. Kemikali ile hutolewa kwa wingi, na mishipa mipya dhaifu huota ovyo.
(d) Mishipa hiyo huvuja damu na kuacha makovu. Makovu huvuta retina mpaka ibanduke, na mtoto hupofuka.

2. Historia fupi
Theodore Terry wa Boston, Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1942. Mwaka 1951, Kate Campbell wa Melbourne, Australia, aliuhusisha na oksijeni nyingi. Majaribio ya mwaka 1953 hadi 1954 katika hospitali 18 za Marekani yalithibitisha. Oksijeni ilipobanwa mno, upofu ulipungua lakini vifo vya watoto viliongezeka.

3. Kinga na tiba
(a) Kupima kiwango cha oksijeni katika damu muda wote; lengo la kawaida ni asilimia 90 hadi 95.
(b) Daktari wa macho kumchunguza mtoto takribani wiki 4 baada ya kuzaliwa.
(c) Tiba ya mionzi ya leza au sindano ya dawa ndani ya jicho, mapema.

Angalia: Usiandike kwamba "oksijeni ni sumu, njiti asipewe." Ukosefu wa oksijeni huua. Tatizo ni kipimo.

Swali la mfano
Mtoto amezaliwa Handeni akiwa na wiki 29 na kupewa oksijeni. Baada ya wiki tatu ameruhusiwa kwenda nyumbani kwao Korogwe. Ananyonya vizuri na macho yake yanaonekana mazima. Je, mama yake ana sababu ya kusafiri ili apimwe macho?

Jibu
Ndiyo. Uharibifu huanzia nyuma ya jicho, hauonekani kwa nje. Kukiwa na weupe kwenye mboni, huenda retina imekwisha kubanduka. Mama aombe rufaa ya kuonana na daktari bingwa wa macho, kwa mfano KCMC, Moshi, na asisubiri dalili.

Zoezi
1. Kwa nini mtoto aliyetimiza wiki 40 hapati ugonjwa huu kwa urahisi?
2. Eleza hasara mbili: ya oksijeni kuzidi, na ya oksijeni kupungua.