Mtu Asiyetulia: Tuulize Kabla ya Kuhukumu

Kamati za parokia zinapotembelea wagonjwa hukutana mara nyingi na mtu ambaye hawezi kutulia. Akikaribishwa kiti anakaa kidogo, kisha ananyanyuka. Usiku anazunguka ndani ya nyumba hadi wenzake wanakosa usingizi. Majirani wana majibu tayari: huyu hana adabu, huyu karogwa, huyu ana pepo, huyu wazimu umemrudia. Katika somo la robo hii tunataka kila kamati iondoke na jambo moja tu: kutotulia kwa mwili ni dalili, na dalili ina chanzo. Tukikijua chanzo, mara nyingi kuna msaada.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayehangaika ndiye ajuaye anachokisikia mwilini. Tatizo ni kwamba wengi humsema, na wachache humwuliza.

MASWALI MATATU

Mhudumu anayemtembelea mtu wa namna hii aanze na maswali haya:

1. Hali hii ilianza lini? Ghafla, au kidogo kidogo?
2. Huzidi wakati gani? Mchana kutwa, au jioni na usiku tu?
3. Anatumia nini? Tuulize dawa za hospitali, za dukani na za kienyeji, pombe, sigara, kahawa na mirungi. Tuulize pia kile alichoacha kutumia siku za karibuni.

Majibu yaandikwe kwenye daftari na yaende na mgonjwa zahanati. Kazi ya kutaja ugonjwa ni ya daktari. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba anayoambiwa daktari ni kweli na yamekamilika.

MIGUU ISIYOTAKA KULALA

Wapo watu ambao mchana hawana shida, lakini wakilala miguu inaanza kuwasumbua. Wengine husema ni kama wadudu wanatambaa ndani ya nyama, wengine husema miguu inavutwa. Wakiinuka na kutembea wanapata nafuu, wakirudi kitandani inaanza tena. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za hali hii katika karne ya 17, na daktari Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaieleza kwa kina mwaka 1945. Kwa hiyo si jambo jipya, wala si la kubuni.

Chanzo kimojawapo kinachojulikana ni upungufu wa madini ya chuma mwilini. Ndiyo maana huwapata sana akina mama wajawazito, hasa miezi ya mwisho, na kwa wengi wao hupungua au kuisha baada ya kujifungua. Huwapata pia wenye ugonjwa wa figo. Katika baadhi ya familia hurithiwa. Baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi huweza kuizidisha, na kahawa na pombe za jioni pia.

Mama mjamzito mwenye shida hii aieleze kliniki, na asiache vidonge vya kuongeza damu alivyopewa. Asivimeze pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Chungwa au ndimu husaidia. Watu wengine wasinunue vidonge hivyo bila kupimwa, maana madini ya chuma yakizidi nayo hudhuru. Kunyoosha na kukanda miguu kabla ya kulala huwapa wengi nafuu ya muda.

DAWA INAPOLETA MAHANGAIKO

Hapa tunaomba kamati zisome kwa makini, kwa sababu ndipo tunapoweza kumpoteza mtu.

Tuseme kijana ametoka hospitali akiwa anatumia dawa za ugonjwa wa akili. Sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza. Lakini baada ya siku chache, au wiki chache, anaanza kutembea huku na huko. Akisimama anahamisha uzito mguu huu na mguu ule. Akikaa anatikisa miguu bila kukoma. Anasema, "Ndani yangu kunachemka." Familia inaamini ugonjwa umerudi. Wengine humfungia chumbani au kumfunga kamba, na wengine humnyang'anya dawa wakisema zimeshindwa.

Huenda ugonjwa haujarudi. Hali hii inaitwa akathisia, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya kutoweza kukaa, lililotolewa na daktari Mcheki Ladislav Haškovec mwaka 1901. Dawa ambazo pakiti zake zimeandikwa haloperidol au chlorpromazine huweza kuileta, na baadhi ya sindano za ugonjwa wa akili zinazochomwa kila baada ya wiki kadhaa pia. Hata dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoclopramide huweza kufanya hivyo. Mara nyingi mahangaiko huanza baada ya kuanza dawa au baada ya kipimo kuongezwa.

Mgonjwa mwenyewe huteseka sana. Wengine huacha dawa kimyakimya ili wapumzike, kisha ugonjwa wenyewe unarudi kwa nguvu. Wengine hukata tamaa ya kuishi. Na familia ikimwambia mganga "amezidi wazimu" bila kueleza mahangaiko yalianza lini, dawa ileile huweza kuongezwa, na mateso yakaongezeka.

La kufanya ni moja: arudishwe kliniki mapema, na daktari aambiwe waziwazi kwamba mahangaiko yalianza baada ya dawa. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa au kuongeza nyingine ya kumtuliza. Familia isisimamishe dawa kwa uamuzi wake yenyewe. Sala ziendelee, nasi tunazitia moyo, lakini zisichukue nafasi ya safari hiyo.

POMBE ILIYOACHWA GHAFLA

Tunafurahi mtu anapoamua kuacha pombe. Hata hivyo, aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla, mwili huweza kushtuka. Ndani ya saa chache mikono hutetemeka, jasho hutoka na hawezi kutulia. Katika siku mbili tatu zinazofuata wengine hupata degedege, au huanza kuona vitu visivyokuwapo. Haya yanaweza kuua. Viongozi wa jumuiya wampeleke mtu huyo kituo cha afya kabla hajaacha, ili aache akiwa chini ya uangalizi.

DALILI ZA HATARI

Msisubiri siku ya kliniki iwapo:

- mzee au mgonjwa ameanza ghafla kuhangaika na kuchanganyikiwa, hasa akiwa na homa, ameishiwa maji, au hapati mkojo;
- mwenye kisukari anatetemeka, anatoka jasho na hatulii. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, apewe maji ya sukari mara moja, kisha apelekwe kituoni;
- mtu amepata degedege, au anasema hataki tena kuishi. Huyo asiachwe peke yake.

Mwingine apelekwe siku za karibuni: anayekonda ingawa anakula vizuri, ambaye moyo unakwenda mbio, anaona joto kuliko wenzake, au ana uvimbe shingoni. Huenda ni ugonjwa wa tezi ya shingo, na una matibabu.

KAZI YA KAMATI, KAZI YA MFADHILI

Tunaziomba kamati zipange ziara ya pili kwa kila mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za akili, ndani ya wiki mbili za kwanza. Ziara ya kwanza humkuta ana matumaini. Ya pili ndiyo itakayogundua kama hawezi kukaa.

Kwa ndugu zetu wafadhili: ziara hiyo ya pili haina jengo la kuzindua wala kibao cha ukutani. Ni nauli ya mhudumu, daftari, na nauli ya mgonjwa kurudi hospitali. Lakini kwa nauli hiyo kijana anaweza kuendelea na dawa inayomfaa, akabaki nyumbani kwao bila kamba mkononi. Tunawaomba mwikumbuke mnapopanga michango yenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika eneo letu, mtu asiyetulia huitwa majina gani? Majina hayo yanamsaidia au yanamfukuza?
2. Ni nani katika jumuiya zetu ameanza dawa za akili miezi ya karibuni, na nani atamtembelea?
3. Usiku wa dharura, ni nani mwenye chombo cha usafiri, na namba yake tunayo?